Kwa Nini Mhamasishaji wa Afya Ana Simu na Zahanati Ina Rejista

Mhamasishaji wa afya ya jamii anapofika nyumbani kwako Magwagwa, huwa na simu mkononi. Ukienda zahanati, muuguzi anaweza kuandika jina lako kwenye rejista kubwa ya karatasi, na mwisho wa mwezi jumla za rejista hiyo huingizwa kwenye kompyuta. Mkazi ana haki ya kuuliza: mbona serikali haitumii chombo kimoja kote? Jibu liko katika kazi ambayo wananchi wengi hawaioni, nayo ni kuchagua namna ya kusanifu mfumo kabla ya kuujenga.

Mfumo wa taarifa ni zaidi ya kompyuta. Ni fomu, watu wanaozijaza, sheria inayowaongoza, na barabara au mtandao unaopitisha taarifa hizo. Mbinu ya usanifu nayo ni utaratibu wa kazi: nani aulizwe kwanza, nini kiandikwe, nini kijaribiwe na watumiaji, na lini kazi ihesabiwe kuwa imekamilika. Kuna wakati serikali ziliamini kwamba utaratibu mmoja unatosha. Uingereza, mwaka 1983, iliagiza miradi ya kompyuta ya serikali kuu ifuate mbinu iliyoitwa SSADM, yenye hatua nyingi na hati nyingi. Katika miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Sjaak Brinkkemper wa Uholanzi, walishikilia wazo tofauti: mbinu iundwe kwa vipande vilivyokwisha kujaribiwa, na vipande hivyo vichaguliwe kulingana na hali ya mradi wenyewe. Fundi wetu yeyote analijua jambo hili. Anayejenga kwenye mteremko hachimbi msingi kama wa tambarare, ingawa saruji na nondo ni zile zile.

Kenya ililipa wazo hilo mtihani mwaka 2011. Wizara ya afya ilikuwa ikihamisha takwimu za vituo vyote kwenye programu ya DHIS2, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na sasa inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mpango wa awali ulikuwa kufunga programu hiyo kwenye kompyuta za kila wilaya, kwa kuwa ilidhaniwa mtandao hautafika. Hebu fikiria kazi ya kurekebisha mamia ya kompyuta zilizotawanyika nchi nzima kila programu inapobadilika! Timu ilipofanya majaribio katika mkoa wa Pwani, iligundua kwamba modemu ya kawaida ya mtandao wa simu inatosha kuingia kwenye seva moja ya kitaifa. Mpango ukabadilishwa. Kufikia Septemba mwaka huo mfumo ulikuwa umefika wilaya zote. Kwa kuwa mtandao hukatika, programu iliboreshwa ili karani aendelee kuingiza takwimu na kuzituma mtandao ukirudi.

Yaliyofaa ofisi ya wilaya, hata hivyo, hayakutosha nyumbani. Karani huingiza jumla: watoto wangapi wamechanjwa mwezi huu. Mhamasishaji anahitaji kujua ni mtoto gani hajachanjwa, na anaishi boma lipi. Kwa miaka mingi wahudumu wa jamii walitumia karatasi: rejista ya kaya, yaani MOH 513, daftari la huduma, yaani MOH 514, na ubao wa chaki, MOH 516, ambapo jumla za kijiji huandikwa ili kila mtu azione. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua ugawaji wa vifaa vya kazi kwa wahamasishaji wapatao 100,000, pamoja na simu zenye mfumo wa kielektroniki wa afya ya jamii. Mfumo huo hufanya kazi bila mtandao na hutuma taarifa baadaye. Anayehudumia takriban kaya 100 kwenye vilima vya kuelekea mto Sondu hawezi kusimama mlangoni akingoja mtandao huku mtoto ana homa.

Mfumo wa aina hii hauwezi kusanifiwa kwa hati pekee. Msanifu anapaswa kutembea na mhamasishaji, ampe fomu ya majaribio, atazame kidole kinakwama wapi. Fomu inayotaka jina la mtaa na nambari ya nyumba itakwama Magwagwa, kwa sababu watu huelekezwa kwa jina la mwenye boma, kanisa, au kituo cha kununulia majani chai. Mhamasishaji akilazimika kujaza chochote ili fomu ikubali, kaya moja huhesabiwa mara mbili na nyingine hupotea. Iliyopotea ndiyo itakayokosa kufuatiliwa mama mjamzito anapokosa kliniki.

Mishahara ya watumishi ni habari nyingine. Huko sheria zinajulikana na kosa la shilingi moja ni hoja ya ukaguzi, kwa hiyo hati ndefu na hatua zilizopangwa mapema zina nafasi yake. Si ukiritimba wote ni mbaya.

Kwenye mifumo inayogusa kaya, sauti ya mkazi ni sehemu ya usanifu. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka kosa lisahihishwe. Mhamasishaji akija tena, mwombe akusomee alichoandika kuhusu kaya yako: majina, umri wa watoto, tarehe za chanjo. Kama kuna swali kwenye simu yake ambalo halina jibu la kweli kijijini kwenu, mwambie, kisha ulitaje kwenye baraza au kikao cha wadi, ukieleza hasa ni swali gani na kwa nini haliendi.