Je, Wajua? Filamu ya "Polepole" Inayoruka Mambo Makubwa

Je, wajua kwamba mwaka 2012 jarida la Uingereza la Sight and Sound liliwauliza waongozaji wa sinema duniani kote ni filamu zipi zilizo bora kuliko zote, na iliyoshika nafasi ya kwanza ikawa kisa cha wazee wawili waliokwenda kuwatembelea watoto wao mjini, wakakosa mtu wa kukaa nao, wakarudi kwao? Ni Tokyo Monogatari ya Yasujirō Ozu, ya mwaka 1953. Ilipata kura 48. Citizen Kane ilipata 42.

Wajua kwamba ndani ya dakika 136 hutaona kofi hata moja? Aliyezoea tamthilia za Kituruki, zenye siri za damu na wakwe wenye hila, atatafuta mbaya wa kisa hiki na asimpate. Koichi, mtoto wa kwanza, ni daktari wa mtaani. Jumapili wazee wameshavaa tayari kutembezwa mjini, mara anaitwa kwa mgonjwa. Ni uongo? Hapana, mgonjwa yupo kweli. Shige, binti, ana saluni yake, na wateja hawasubiri. Kila mmoja ana sababu, na kila sababu ni ya haki. Ndiyo maana inauma.

Huyo Shige, hata hivyo, atakuudhi. Mteja anapomuuliza wale wazee ni akina nani, anajibu kwamba ni watu anaofahamiana nao kutoka shamba. Mumewe analeta keki nzuri kwa ajili ya wakwe, naye anagomba kwamba ni za ghali mno.

Je, wajua kwamba Haruko Sugimura, aliyemwigiza Shige, alizaliwa mwaka 1909, na Chishū Ryū, aliyemwigiza baba yake, alizaliwa 1904? Baba alimzidi binti kwa miaka isiyofika mitano! Ryū alikuwa na miaka 49 alipojikunja kuwa mzee wa karibu miaka 70. Chieko Higashiyama, "mkewe", alikuwa mkubwa kwake kwa zaidi ya miaka 13. Ukiitazama huwezi kukisia. Nadhani siri ni mgongo: Ryū anakaa kama mtu ambaye mgongo wake umeshaacha kubishana naye.

Wajua kwamba kuiita filamu hii ya polepole ni nusu tu ya ukweli? Mwanzoni kabisa, kule Onomichi katika mkoa wa Hiroshima, wazee wanafunga mizigo. Mto wa kujaza upepo haupatikani. Mzee anasema alimpa mkewe, bibi anasema hana, na mwishowe mto unaonekana kwenye vitu vya mzee mwenyewe. Ozu anakupa haya yote bila haraka. Kisha safari nzima ya treni hadi Tokyo anairuka. Ukipepesa macho, wageni wameshafika. Wakati wa kurudi, bibi anaugua garini na wanalazimika kushuka Osaka kwa mtoto wao mwingine, Keizo. Hilo nalo hatulioni. Tunalisikia tu Keizo akimsimulia mwenzake kazini. Mwongozaji mwingine angeyapa matukio hayo dakika 20 na vinanda. Ozu ana haraka pale ambapo wengine hukokota, na anatulia pale ambapo wengine huruka: watu wanapepea pepeo kwa joto la kiangazi, nguo zimeanikwa, mashua inapita na injini yake inasikika. Kwa hiyo anayelalamika kwamba hakuna kinachotokea, na mtu kafariki mle ndani, huenda alikuwa akingoja kengele ya kumwamsha. Ozu hagongi kengele.

Kamera je? Wajua kwamba iliwekwa chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi mkekani, na kwamba karibu haisogei kabisa? Lenzi ni ya milimita 50, mpiga picha ni Yuharu Atsuta. Basi.

Je, wajua kwamba anayewatendea wazee wema kuliko wote si wa damu yao? Ni Noriko, mkaza mwana. Mumewe Shoji alifia vitani, na yeye ni mwajiriwa wa ofisini anayeishi chumba kimoja. Anaomba ruhusa kazini, anawatembeza Tokyo kwa basi la watalii, kisha anakwenda kwa jirani kuazima sake ili awakirimu. Watoto wenye nyumba kubwa zaidi wanachanga fedha na kuwapeleka wazazi Atami, penye chemchemi za maji moto, katika hoteli ya bei nafuu ambako vijana wanapiga kelele usiku kucha na usingizi hauji. Baada ya mazishi ya bibi, Shige anataja nguo za marehemu anazozitaka. Saa ya marehemu, mzee anampa Noriko. Lakini Kyoko, kitindamimba, anapokasirika kwa ubinafsi wa nduguze, ni Noriko huyo huyo anayewatetea: watoto wakikua wanakuwa na maisha yao. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa filamu, kuliko hata kifo chenyewe.

Wajua kwamba sheria nayo ilikuwa imebadilika? Kabla ya vita, mtoto wa kiume wa kwanza ndiye aliyerithi nyumba na ukuu wa ukoo, pamoja na mzigo wa kuwatunza wazazi. Marekebisho ya mwaka 1947 yaliuvunja mfumo huo, na urithi ukawa wa watoto wote sawa. Akina Koichi ni watu wazima wa mwanzo kuishi chini ya utaratibu mpya. Ozu hataji sheria hata kwa neno moja.

Je, wajua kwamba mbegu ya kisa hiki ilitoka Hollywood? Kogo Noda, mwandishi mwenza wa Ozu, aliitoa kwenye Make Way for Tomorrow ya Leo McCarey, ya mwaka 1937, ambayo Ozu mwenyewe hakuwa ameiona. Wawili hao waliandika kwa siku 103, sake ikiwa karibu. Na McCarey, alipopokea Oscar ya uongozaji kwa ajili ya kichekesho chake cha mwaka huo huo wa 1937, aliwaambia waliompa kwamba wamekosea filamu.

Wajua kwamba Ozu, bingwa wa visa vya ndoa na wazazi, hakuoa wala hakupata mtoto? Aliishi na mama yake hadi mama alipofariki mwaka 1962. Yeye alizaliwa tarehe 12 Desemba 1903 na akafariki tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60.

Wajua kwamba wauzaji wa filamu wa Japani walidhani watu wa nje hawatamwelewa Ozu? London iliipa Tokyo Monogatari tuzo ya Sutherland mwaka 1958, lakini majumba ya sinema ya New York yaliionyesha mwaka 1972. Miaka 19 baada ya kutengenezwa!

Na tangu hapo watu hawaachi kuifuata. Doris Dörrie wa Ujerumani aliihamishia kwao mwaka 2008. Yōji Yamada aliitengeneza upya Japani mwaka 2013, na Shoji wake hajafa. Mjerumani mwingine, Wim Wenders, alipotengeneza Perfect Days mwaka 2023, kisa cha msafisha vyoo wa Tokyo, alimpa mhusika wake mkuu jina la Hirayama. Ndilo jina la ukoo la wale wazee wa Onomichi.