Tazama Mkia Kabla ya Mota: Mashine Ndogo za Kukerezea Kalamu

Anayeanza kukereza kalamu za mbao huku Ulaya au Amerika ya Kaskazini hukutana mapema na lalamiko moja: kalamu imetoka, lakini si duara. Upande mmoja mbao imelingana sawasawa na pete ya chuma, upande wa pili imezidi au imepungua, na ukipitisha ukucha kwenye maungio unahisi kijimwinuko kinachokwaruza. Wengi huilaumu mashine. Husema ni ndogo mno, ni ya bei nafuu, mota yake haina nguvu, kisha huanza kuwinda kubwa zaidi. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi lawama hiyo imeangukia pasipostahili. Anayenunua mashine ndogo kwa ajili ya kalamu aangalie kwanza unyoofu wa ncha zake mbili na ubora wa mkia wake, yaani sehemu inayosogea mkabala na kichwa kinachozungusha mbao, kisha kasi, na nguvu ya mota aiweke mwisho kabisa. Najua matangazo ya madukani hupanga sifa hizo kwa utaratibu wa kinyume, nguvu ya mota ikiandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, na ndiyo maana watu wengi hutumia fedha zao mahali ambapo kalamu haitafaidika nazo.

Tuanze na kazi yenyewe. Kalamu ya kujifunzia, ile nyembamba ambayo vyuma vyake huuzwa kwa seti, hujengwa juu ya mirija ya shaba yenye kipenyo cha milimita 7. Kipande cha mbao cha mraba, upana wake kama milimita 19, hutobolewa katikati, mrija hupakwa gundi na kusukumwa ndani, na ncha za mbao husawazishwa mpaka shaba ing'are. Kisha kipande hupachikwa kwenye mashine katikati ya bushi za chuma zenye unene uleule wa pete zitakazokaa hapo kalamu ikishaunganishwa. Bobari, patasi yenye ukingo wa mviringo, hula mbao polepole mpaka ilingane na bushi, msasa unafuata, na mwisho hupakwa tabaka kadhaa za supagluu ili kutoa mng'ao mgumu unaostahimili jasho la mkono. Karibu na pete, mbao inayobaki juu ya mrija ina unene usiofika milimita moja. Kwa unene huo, mhimili ukiyumba robo tu ya milimita, upande mmoja utanenepa na wa pili utakaribia kuonyesha shaba. Msasa hauwezi kulirekebisha hilo, kwa kuwa nao hufuata mzunguko uleule uliopotoka.

Sasa linganisha kalamu na bakuli lenye upana wa sentimita 25. Bobari ikikata ukingo wa bakuli iko milimita 125 kutoka katikati. Kwenye kalamu yenye unene wa milimita 15, iko milimita 7.5 tu. Kwa msukumo uleule, bakuli linaidai mota nguvu ya kuzungusha karibu mara 17 ya ile inayodaiwa na kalamu. Kalamu inachotaka ni kasi. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, uso wake hupita mbele ya bobari kwa mita 2.4 hivi kwa sekunde, ilhali bakuli lile, kwa mizunguko 600 tu, hupita kwa karibu mita 8. Kwa hiyo mashine yenye mota ndogo lakini inayofika mizunguko 3,000 au zaidi inatosha kabisa, na mashine yenye mota kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo wa polepole inaweza kuiachia kalamu uso wenye manyoya. Na kama mtu anaona ajabu kwamba nguvu haihesabiki sana, akumbuke kerezo la upinde, lililotumika katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo. Lilizungushwa kwa mkono, kamba ikiwa imezungushiwa mbao, nayo mbao imebanwa kati ya ncha mbili zisizosogea. Mviringo ulitoka kwenye ncha zile mbili.

Sura ya mashine nyingi zinazouzwa leo ina historia fupi inayofaa kujulikana. Kwa muda mrefu mpenda ufundi alikuwa na njia mbili. Ama alinunua mashine kubwa ya karakana iliyomaliza nafasi yote ya gereji, ama alinunua kidude chepesi cha watengeneza sanamu za treni na meli, kama Unimat ya Austria ya miaka ya 1950, chenye vipimo vyake visivyoingiliana na vya mtu mwingine. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 mashine ya Jet JML-1014 ilienea sana Marekani na kuonyesha njia ya tatu: mwili wa chuma cha kusubu, mzito lakini unaobebeka, nafasi ya inchi 14 kati ya ncha, na matundu ya Morse namba 2 kichwani na mkiani. Rikon, Delta na wengine wakatoa zao zenye umbo linalofanana. Tundu la Morse lenyewe ni la zamani. Lilitokana na kazi ya Stephen Morse wa Massachusetts katika miaka ya 1860: mchongoko wa taratibu wa chuma unaojibana wenyewe ndani ya tundu bila skrubu, na kila unapourudisha unakaa palepale, katikati. Kwa mkereza wa kalamu hiki ndicho kipengele cha thamani kuliko vyote kwenye mashine ndogo. Chombo chochote chenye mchongoko namba 2 huingia humo, kiwe kimetengenezwa na nani, na huingia kikiwa kimenyooka.

Kama hivyo ndivyo, kalamu zisizo duara zinatoka wapi? Mara nyingi zinatoka kwenye mandreli, ule ufito wa chuma unaopitishwa ndani ya mirija na bushi. Unene wake ni milimita 6 na kidogo. Mwisho mmoja umeshikwa na kichwa cha mashine, na mwisho wake wa pili unasukumwa na ncha ya mkia. Mtu anayeogopa kipande kisiteleze hukaza mkia kwa nguvu zake zote, ufito unapinda katikati kama uta, na kila kitu kilichovishwa juu yake kinazunguka kikiyumba. Nati ya kwenye ufito ikikazwa kupita kiasi huzaa tatizo hilohilo. Kanuni za uhandisi zinaeleza kwa nini seti yenye mirija miwili husumbua zaidi: ufito unaosukumwa katikati hupinda kwa kufuata kipeo cha tatu cha urefu wake, yaani ukiupunguza urefu kwa nusu, kupinda kunapungua mara nane. Ndiyo sababu wakereza wengi walianza kukereza mrija mmoja mmoja, wengine wakanunua ncha ya mkia yenye uwazi ndani, inayomeza mwisho wa ufito na kusukuma bushi badala ya chuma chenyewe. Wengine wakauacha ufito kabisa, wakatumia bushi zenye vishimo vya nyuzi 60 zinazokaa moja kwa moja kwenye ncha mbili za mashine. Njia hizi zote tatu zimewaletea watu kalamu duara kwenye mashine zilezile walizokuwa wakizilaumu. Huo ndio ushahidi ninaouegemea zaidi: mashine haikubadilishwa, mota haikuongezwa, na kasoro ikatoweka.

Mkia una kazi nyingine inayosahaulika siku ya kununua. Asiye na nafasi ya mashine ya kutobolea hutobolea palepale: kekee inashikwa mkiani, mbao inazunguka, na gurudumu la mkia linasukuma kekee ndani. Urefu ambao mkia unaweza kutoka kwa mzunguko wa gurudumu ndio utakaoamua kama kazi hiyo ni raha au adha. Mrija wa kalamu nyembamba una urefu wa zaidi ya milimita 50. Mkia unaotoka milimita 60 unatoboa kwa mara moja. Unaotoka chini ya 40 unamlazimu mtu asimame katikati ya shimo, afungue mkia, ausogeze, aufunge tena, na kila kufungua ni nafasi ya tundu kwenda kombo. Mkia huohuo, mashine ikiwa imezimwa, hutumiwa na wengi kusukumia vyuma vya kalamu ndani ya mirija siku ya kuunganisha.

Yapo mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba rahisi ni ghali, kwamba mashine ya bei ya chini huja na beringi mbovu na mkia unaolegea. Ni kweli kwa baadhi. Lakini kasoro hizo hupimika dukani au kwa muuzaji wa mitumba kabla hujatoa hela: tia ncha kali kichwani na nyingine mkiani, zisogeze zikutane, utazame kama zinagusana nukta kwa nukta, kisha ulitoe bomba la mkia nusu, ulifunge, utazame tena. Likishuka au kwenda upande, achana nayo hata kama mota yake ni ya kutamanisha. Pingamizi la pili ni kwamba anayeanza na kalamu hatimaye hutaka bakuli, basi anunue kubwa mara moja. Mwenye gereji na uhakika wa kutaka bakuli, asikilize ushauri huo. Anayeishi ghorofani, akiwa na majirani ukutani na meza moja ya kufanyia yote, anahitaji mashine anayoweza kuiinua na kuiweka kabatini. Tena bei ya mashine si gharama yote: bobari, kifaa cha kunolea, kekee, miwani na kinga ya vumbi hufuata papo hapo. Aliyemaliza fedha kwenye mota hukosa cha kunolea, na bobari butu huharibu kalamu kuliko mashine dhaifu.

Wanaosema tununue mashine ya kukerezea chuma, kama Sherline au Taig za Marekani, wana haki kwa kundi moja: wanaotengeneza kalamu nzima bila seti, wakikata hesi za kifuniko wao wenyewe. Huko kila sehemu ya kumi ya milimita ina maana. Kwa kalamu ya seti ni usahihi ambao mrija na bushi hazitautumia.

Pingamizi linalogusa nyumbani ni la mpingo. Mbao yetu hii, inayozama majini kwa uzito wake, huuzwa katika maduka ya wakereza ya Ulaya na Marekani ikiwa vipande vya kalamu, na wengi hudhani inahitaji mashine yenye misuli. Mpingo hauombi nguvu, unaomba ukali na subira. Bobari kali hutoa nyuzi ndefu nyeusi na uso unaong'aa kabla ya msasa. Hatari iko kwenye kutoboa: kekee ikiachwa ipate joto, mbao hupata nyufa nyembamba kama unywele zinazojitokeza siku chache baadaye, kalamu ikiwa tayari mfukoni mwa mtu. Kekee itolewe mara kwa mara, ipoe. Mafuta yake hukataa gundi, kwa hiyo hufutwa kwa asetoni kwanza, na vumbi lake huwasha ngozi na pua. Anayefikiria kubeba vipande kwenye begi akitoka Tanzania ajue kwamba tangu mwaka 2017 mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na vipande visivyokamilika vinadai kibali. Nalitaja hili kwa sababu deni letu kwa mti huu ni kubwa. Mkereza wa Texas, James Harris, aliungana na Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro mwaka 1996 kuanzisha mradi wa kupanda mipingo. Mwenye kuikereza hana sababu ya kuipata kwa njia ya mkato.

Limebaki suala la wanaotaka kuituma mashine nyumbani. Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde; Tanzania na Kenya zina volti takriban 230 hadi 240 na mizunguko 50. Transfoma itashusha volti lakini haitagusa mizunguko hiyo, na mota ya kawaida ya mikanda itapoteza sehemu moja ya sita ya kasi yake: 3,000 itakuwa 2,500, na mota itapata joto zaidi. Inayonunuliwa Uingereza haina shida hiyo, hata plagi ni ileile. Hesi za kichwa nazo hutofautiana: Marekani hutumia zaidi inchi moja yenye meno 8 kwa inchi, Ulaya M33, na mashine ndogo za zamani za Uingereza robo tatu ya inchi yenye meno 16, kwa hiyo taya za kushikia zilizonunuliwa upande mmoja wa Atlantiki huenda zisifungike upande wa pili. Lakini anayekereza kati ya ncha mbili haigusi hesi hiyo kabisa. Ncha zake zikiwa na Morse namba 2, atazichomeka kwenye mashine ya Dar es Salaam, Toronto au Birmingham na kuendelea na kalamu aliyoianza.