Mvinyo Hautaki Cheti

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita)

Juma hili nina aibu yangu ya kuwasimulia. Wale ambao dini au afya haiwaruhusu kunywa, naomba mnivumilie. Angalau mtapata cha kucheka.

Miaka mingi iliyopita nilialikwa chakula cha jioni katika hoteli moja kubwa ya Dar es Salaam. Mwenyeji wetu, kwa kuniheshimu, akanipa kazi ya kuchagua mvinyo. Orodha ilikuwa ndefu, majina hayatamkiki. Nikafanya wafanyavyo wengi wetu: nikaonyesha kwa kidole ule wa bei ya katikati, nisionekane bahili wala mlimbukeni. Mhudumu akaizibua chupa, akanimiminia kidogo sana, akasimama akinitazama. Nami nikamtazama. Hatimaye nikamwambia, "Ndugu yangu, mbona unanibania? Jaza!" Meza nzima ikaangua kicheko.

Leo najua kwamba kile kidogo ni cha kukagua tu. Unanusa, unaonja, unatafuta jambo moja: umeharibika au ni mzima? Ukinuka siki, au boksi lililolowa na kuota ukungu, urudishe bila woga. Ukiwa mzima, itikia kwa kichwa, basi. Hakuna anayekutahini.

Aliyenitoa ushamba ni mzee mmoja mkulima wa zabibu huko Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati Ulaya huvunwa mara moja tu. Nilikwenda kwake kikazi. Akanimiminia glasi, akauliza naonaje. Nikajibu, "Mzuri, mzee." Akacheka. "Mzuri si ladha, mwanangu. Niambie ulimi umekutana na nini."

Akanifundisha maswali matatu. Kwanza, una utamu? Neno "dry" mnaloliona kwenye chupa maana yake ni kwamba sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kilevi. Si kwamba mvinyo huo ni mkali kuliko mwingine. Pili, una uchachu, ule unaojaza mate kinywani kama ulambapo ndimu? Tatu, una ukakasi, ule unaokausha ulimi kama bibo au chai iliyochemka mno? Ukakasi huo hutoka hasa kwenye maganda na mbegu. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, ndipo ukapata rangi na ukakasi; mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando.

Ukishayajua hayo matatu, huhitaji kukariri majina. Samaki wa kukaanga, ambaye ungemkamulia ndimu, anapatana na mweupe wenye uchachu. Nyama choma yenye mafuta hupunguza ukakasi, basi mpe mwekundu. Chakula chenye pilipili kinataka wenye utamu kidogo, kwa maana kilevi kingi huuchochea ule moto. Lakini hizi si amri. Ukipenda mweupe kwa nyama, kunywa.

Kuna jambo jingine linalotuponza. Tumeambiwa mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Waliosema hivyo walikuwa na vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 au 18 hivi. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari ni nyuzi 30! Kwa joto hilo mvinyo hunuka kilevi tu. Utie kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa, nawe utaona tofauti. Usidharau pia chupa yenye kizibo cha kuzungusha, hakishushi ubora.

Na bei, na jina? Mwezi wa Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha mabingwa tisa wa Kifaransa mvinyo wa kwao na wa California, bila kuwaonyesha chupa. Alama zilipojumlishwa, wa California ukashinda, mweupe na mwekundu pia. Mabingwa wenyewe, jina lilipofichwa, waliwapa wageni ushindi.

Nasi tujaribu. Nunua chupa mbili, moja ya Dodoma na moja ya ng'ambo, zenye bei zinazokaribiana. Zifunge kwa gazeti, waite rafiki, onjeni. Huenda mkauchagua wa ng'ambo, si kosa. Lakini mtakuwa mmeuchagua kwa ulimi. Yule mzee hakuomba mvinyo wa zabibu zake upendwe kwa huruma. Aliomba uonjwe kabla ya kudharauliwa.

Ila msisahau: mvinyo wa kawaida una kilevi cha asilimia 12 hadi 14, bia nyingi zina kama 5. Glasi ya mvinyo si glasi ya bia. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano, za watu kadhaa. Na anayeendesha gari anywe maji.

Juzi nilimiminiwa tena kile kidogo, katika hoteli nyingine. Nikanusa: ukungu mtupu. Nikamwambia mhudumu, "Samahani kaka, huu umeharibika." Naye akanusa, akakubali, akaleta chupa nyingine. Safari hii hakuna aliyecheka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.