SWICHI MBILI NA BALBU MOJA

Mwananchi wa Unguja anapowasha taa usiku, ni nadra kuikumbuka Morogoro. Hata hivyo, umeme uliovushwa baharini hadi Fumba tangu mwaka 1980 umetegemea kwa miaka mingi mitambo ya Kidatu, mkoani humo, yenye uwezo wa megawati 204. Waya ule ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila ya umeme huo takriban miezi mitatu. Tulijifunza kwamba tunautumia umeme bila ya kuujua.

Ndiyo maana tulifurahi, tulipopita kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, kumkuta mwanafunzi wa uhandisi wa umeme akiitumia likizo yake kuwafundisha watoto. Zana zake zilikuwa betri, balbu ndogo, vipande vya waya na swichi mbili.

Kwanza aliziunga swichi kwa mfululizo. Balbu iliwaka pale tu zilipowashwa zote mbili. Hiyo akaiita "na". Kisha akaziunga sambamba, na moja ikatosha. Hiyo akaiita "au". Ubaoni aliandika 1 kwa kuwaka na 0 kwa kuzimika. Swichi, aliwaambia, haina "labda". Transista nayo ni swichi isiyongoja kidole: umeme mdogo huufungulia njia umeme mwingine. Simu ya kisasa ina mabilioni ya transista, lakini kazi yake yote imejengwa juu ya "na", "au" na "siyo".

Hii ndiyo alifu ya elimu hiyo. Mmarekani Claude Shannon aliithibitisha mwaka 1937, akiwa mwanafunzi wa miaka 21: kwamba swichi zikiungwa kwa mpango huweza kufuata kanuni za mantiki na kufanya hesabu.

Wahenga wetu walinena: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Vijana wa visiwani walio vyuoni wanasomeshwa kwa jasho la umma. Warudipo likizo Makunduchi au Micheweni, hawana budi kufanya kama kijana yule. Nanyi viongozi wa elimu, msingoje maabara kamili ndipo somo lianze. Wapeni walimu betri, waya na balbu. Fundi atakayetuondolea giza la kesho yuko darasani leo.