Bastola ndogo: nyepesi kiunoni, kali mkononi

Kwenye muvi, jamaa anachomoa bastola kiunoni utadhani anatoa simu. Haikuonekana chini ya shati, haikuvuta suruali, na akifyatua mkono hautikisiki. Wacha nikwambie, hiyo bastola haipo. Ukitaka ya kuficha, lazima uchague utakosa nini.

Tuanzie Marekani, kwani soko liko huko. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilirahisisha leseni ya kubeba bastola iliyofichwa, na majimbo mengi yakafuata. 1994, sheria ya nchi nzima ikapiga marufuku kuuzia raia magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Basi watengenezaji wakapiga hesabu: kama ni risasi 10 tu, mpini mrefu wa nini? Glock ya Austria ikaleta Glock 26, fupi na nene kama msee wa mjengo. Marufuku iliisha 2004, lakini watu walikuwa washazoea vitu vidogo.

Sasa uzani. Glock 19 ya 1988 ina kama gramu 600 bila magazini, na inameza risasi 15 za milimita 9. Ruger LCP ya 2008 ina gramu 270 hivi, yaani simu kubwa na kava lake. Lakini inabeba risasi 6 tu, tena za aina dhaifu kuliko hizo za milimita 9.

Utaniuliza, si nyepesi ndiyo poa? Kubeba, ndiyo. Kupiga, hapana. Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma, na hiyo ni fizikia ya sekondari. Chukua risasi ileile, punguza uzani wa bunduki nusu, na nishati ya teke inakuwa maradufu. Ongeza kwamba mpini ni mfupi na kidole cha mwisho hakina pa kushika. Mtutu nao ni mfupi, kwa hivyo vidude viwili vya kulengea vimekaribiana na kosa dogo la mkono halionekani mpaka risasi ishapita kando ya shabaha. Huko kando kunaweza kuwa na mtu anayenunua mboga.

Kuna jambo lingine watu husahau. Sehemu ya juu inayorudi nyuma ikiwa ndogo na nyepesi, springi lazima iwe ngumu ndiyo iizuie. Kuivuta kwa mkono ni kazi. Halafu eti mwanamke aingiaye dukani ashauriwe kuchukua ile ndogo kabisa kwa sababu "inamfaa". Mwili mdogo na bunduki ndogo si hesabu moja! Na silaha inayoumiza kiganja, mwenyewe huacha kwenda nayo mazoezini.

2018, SIG Sauer ilitoa P365: gramu 500 hivi, risasi 10. Glock 43 ya 2015, yenye uzani karibu huohuo, ilibeba 6. Ujanja ulikuwa ndani ya magazini, ambapo risasi hupishana kisha juu zinaminywa ziwe mstari mmoja. Lakini cheki kilichofuata: 2019 Glock wakaleta 43X, nyembamba lakini yenye mpini mrefu zaidi, na SIG wakarefusha P365 wakaiita XL. Watu walitaka ndogo, wakaipata, wakaomba irefushwe.

Hapa Kenya raia habebi bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, na ukishikwa bila hicho ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114. Kwa wenye nacho, ile nyepesi ndiyo inayoshawishi mtu kuitupa mfukoni pamoja na funguo. LCP ile ya 2008 haina kitufe cha usalama cha nje. Inataka ala ngumu inayofunika kifyatulio, na mfuko usio na kitu kingine chochote ndani.