Kumfundisha Mtoto Hali za Maada kwa Kiswahili: Mfano wa Nyamahanga

1. Utangulizi

Somo la hali za maada huonekana jepesi. Mwalimu huandika ubaoni maneno matatu, mango, kimiminika na gesi, kisha watoto huyaimba kwa pamoja hadi kengele ilie. Hata hivyo, mtoto aliyeyakariri maneno hayo akiulizwa kama unga ni mango au kimiminika, mara nyingi husita. Kusita huko si dalili ya uzito wa akili. Ni dalili kwamba istilahi imetangulia na maana imebaki nyuma.

Mhadhara huu unachunguza namna Kiswahili chenyewe kinavyoweza kumsaidia au kumkwaza mtoto mdogo anayejifunza somo hilo. Mfano unaotumika ni mazingira ya Nyamahanga, katika nyanda za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Huko watoto wengi huanza maisha kwa Kihangaza au Kishubi upande wa Ngara, na kwa Kisubi, Kizinza au Kisukuma upande wa Biharamulo. Kiswahili sanifu hukutana nacho zaidi wanapoingia shuleni. Kwao, somo la sayansi ni somo la lugha pia.

2. Istilahi na asili zake

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania mwaka 1967, mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa pia liliundwa. Kazi ya kutafuta istilahi za sayansi iliendelea kwa miaka mingi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hazina hiyo ni kubwa. Lakini istilahi haiingii darasani ikiwa tupu. Huingia pamoja na maana zake za zamani.

Neno "mango" lilikuwa jina la jiwe gumu la mviringo la kupondea na kulainishia vitu. "Yabisi", ambalo hutumika kwa maana hiyo hiyo, lina asili ya Kiarabu na hubeba maana ya ukavu. Mtoto anayeambiwa kwamba mango ni "kitu kigumu" hukubali upesi kwa jiwe na jembe, lakini hukataa kwa pamba, sifongo na kitambaa, kwa sababu vitu hivyo ni laini. Ugumu si kigezo. Kigezo ni kwamba kitu hushika umbo lake chenyewe bila kusubiri chombo kikipe umbo.

"Kimiminika" limetokana na kitenzi "miminika", na hapo pana mtego mwingine. Unga, mchanga na maharage navyo humiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Mwalimu hana budi kumwelekeza mtoto aitazame punje moja. Punje ya mchanga ikiwekwa peke yake kiganjani hubaki na umbo lake. Tone la maji hutambaa na kufuata mikunjo ya kiganja. Tena mchanga uliomiminwa hufanya kichuguu, ilhali maji hujisawazisha.

"Gesi" ndilo neno gumu kuliko yote, ingawa ni fupi. Kwa watu wengi gesi ni mtungi wa kupikia. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya kilichomo katika mtungi huo ni kimiminika, kilichogandamizwa kwa nguvu, ambacho hugeuka gesi kinapopata nafasi. Hewa nayo, ambayo ndiyo gesi iliyo karibu zaidi na mtoto, huhesabiwa kuwa si kitu. Mtoto husema chupa ni "tupu". Hapo lugha ya mtaani hutoa msaada usiotarajiwa: fundi wa baiskeli husema anajaza "upepo" katika tairi. Kinachojazwa lazima kiwe kitu, na tairi lililojaa huthibitisha kwamba kitu hicho huchukua nafasi. Kutoka "upepo" wa fundi hadi "hewa" ya kitabu ni hatua moja tu.

3. Vitenzi kabla ya majina

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba mtoto mdogo afundishwe vitenzi kwanza, kisha majina. Kiswahili ni tajiri wa vitenzi vya mabadiliko: kuyeyuka, kuganda, kuchemka, kukauka. Kila kimoja kina mwenzake wa kusababisha: kuyeyusha, kugandisha, kuchemsha, kukausha. Umbo la kwanza hueleza kilichotokea na kumficha mtendaji. Umbo la pili humdai mtendaji. Mtoto akisema "samli imeyeyuka", mwalimu anaweza kuuliza, "Nini kimeiyeyusha?" Kwa swali hilo, sarufi inamfikisha mtoto kwenye chanzo, yaani joto, bila fasili yoyote kuandikwa ubaoni.

Hata hivyo, vitenzi hivyo vinahitaji uangalifu. Katika usemi wa kawaida, samli huyeyuka kikaangoni na sukari huyeyuka katika chai. Kwa sayansi hayo ni matukio mawili. Samli inahitaji joto tu. Sukari inahitaji kitu cha pili, yaani maji, na hata maji baridi huweza kuipokea. Vivyo hivyo, maji huganda yakawa barafu, na maziwa huganda yakawa mtindi. Barafu ikipashwa moto hurudi kuwa maji. Mtindi ukipashwa moto haurudi kuwa maziwa mabichi, kwa kuwa vijidudu vimetengeneza asidi na maziwa yamegeuka kitu kingine.

Maswali mawili yanatosha kumtoa mtoto katika utata huo. La kwanza: ni vitu vingapi vimehusika? La pili: je, kitu kinaweza kurudi kilivyokuwa kwa kupashwa joto au kupozwa tu? Yai lililochemshwa halirudi, na kuni zilizoungua hazirudi. Nta iliyoyeyuka hurudi. Mtoto anayeyazoea maswali hayo amekwisha kuanza kutenganisha mabadiliko ya hali na mabadiliko ya kikemia, ingawa majina hayo atayapata miaka kadhaa baadaye.

4. Mazingira kama maabara

Shule nyingi za vijijini hazina jokofu wala vifaa vya maabara. Upungufu huo ni wa kweli, lakini somo hili haliufi kwa sababu yake. Nyanda za Ngara na Biharamulo zina ukungu wa asubuhi mabondeni, umande kwenye majani ya migomba na, mara kwa mara, mvua ya mawe. Lugha yenyewe imekwisha kuyaita mapande hayo ya barafu "mawe". Imeyaweka katika kundi la mango kabla ya mwalimu kusema neno. Watoto wakiyaokota na kuyaweka katika bakuli, wataona mawe yakiwa maji mbele ya macho yao.

Asali na nta ni mfano mwingine ulio karibu, kwa kuwa ufugaji wa nyuki ni kazi inayojulikana katika eneo hilo. Nta huyeyuka katika joto la nyuzi za sentigredi zipatazo 62 hadi 64, nayo huganda tena ikipoa. Mafuta ya nazi hutoa funzo la jiografia pia. Huyeyuka katika nyuzi zipatazo 24. Kwa hiyo chupa ambayo Tanga huwa na kimiminika mchana kutwa, katika asubuhi ya baridi ya Ngara hukutwa imeganda. Mtoto huona kwamba hali ya maada si tabia ya kudumu ya kitu, bali hutegemea joto lililopo.

Sufuria ya maji jikoni huleta funzo la tatu, ambalo ni lazima mtu mzima alisimamie. Watoto wengi huita "moshi" kile kinachopanda kutoka kwenye maji yanayochemka. Moshi hutoka kwenye kuni na huacha masizi. Mvuke hutoka kwenye maji, nao ukigusa mfuniko baridi huacha matone. Tena wingu jeupe linaloonekana juu ya birika si mvuke wenyewe, bali ni vitone vidogo sana vya maji. Mvuke halisi hauonekani; upo katika nafasi ile iliyo wazi baina ya mdomo wa birika na wingu. Maji yanapogeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na ndiyo sababu mfuniko huruka.

Mwalimu naye ajihadhari na tarakimu za kukariri. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Katika mwinuko wa meta 1,500, ambao baadhi ya vilima vya Ngara huupita, huchemka kwa nyuzi zipatazo 95. Kipimajoto kikionyesha hivyo, hakijaharibika.

5. Lugha ya nyumbani darasani

Mtoto anapoonyeshwa umande, huenda jina lake akalijua kwa Kihangaza kabla ya Kiswahili. Kumkataza kulitaja ni kumnyang'anya ujuzi aliokuja nao. Inafaa alitaje kwanza, wenzake wa lugha nyingine wataje lao, kisha darasa zima likubaliane juu ya neno la Kiswahili. Kwa njia hiyo istilahi huwa jina la kitu kilichokwisha kuonekana.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu mtoto huyo huyo, akifika sekondari, atakutana na somo lile lile kwa Kiingereza. Aliyekariri maneno matatu ataanza upya kukariri mengine matatu. Aliyeelewa atakuwa anabadilisha majina tu. Mambo yenyewe anayo tayari.

6. Hitimisho

Kiswahili kinazo istilahi za kufundishia hali za maada, na uhaba wa maneno si kisingizio tena. Linalohitajika ni mpangilio: kitu kionekane, kitenzi kisemwe, mtendaji aulizwe, na jina la kitaalamu lije mwishoni. Vyuo vya ualimu vinavyomwandaa mwalimu wa madarasa ya awali vingefanya vema kumfundisha maana za zamani za istilahi pamoja na fasili zake mpya, kwa kuwa mtoto husikia zote mbili kwa wakati mmoja. Mwalimu asiyejua hivyo atadhani mtoto amekosea, kumbe mtoto ameelewa Kiswahili barabara.