Taa za Noeli zenyi kucheza na muziki: kazi kubwa iko mu nsinga

Mu mwaka 2004, mu muji wa Mason, jimbo la Ohio kule Marekani, injeniere mumoja wa kurani, Carson Williams, alifunga taa 16.000 ku nyumba yake juu ya Noeli. Zilikuwa zinawaka na kuzima pamoja na muziki: muziki unapanda, taa za ku miti zinapanda nao, muziki unanyamaza, lupango lote linaingia mu giza. Kupanga ile kazi kulimuchukua karibu miezi 2, na feza karibu dola 10.000. (Kwetu, mama wa nyumba angeuliza kwanza kama minerval ya watoto imelipwa.) Mwaka wenyi kufuata, video ya ile nyumba ilizunguka dunia, kompani moja ya pombe ikaitia mu matangazo yake ya televizyo, na watu wengi wakasema: na mimi nitajaribu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mu 1882, kule New York, Edward Johnson, mwenyi kutumika pamoja na Thomas Edison, alizungushia muti wa Noeli ampuli 80, nyekundu, nyeupe na bluu. Muti ulikuwa unazunguka kwa nguvu ya kurani, na rangi zikabadilishana. Wakati ule, nyumba nyingi za New York hazikuwa hata na ampuli moja.

Williams aligawanya taa zake mu mafungu 88, na ordinatere ilikuwa inaamuru: fungu hili liwake, lile lipunguze. Leo, wenyi kupenda muchezo huu wanatumia ampuli za namna ingine. Kila ampuli iko na chipu ndani, na rangi 3: nyekundu, kijani, bluu. Amri zote zinafika ku ampuli ya kwanza. Inachukua ile yake, inapitisha zenyi kubakia kwa ya pili, sawa vile watu wenyi kupanga mustari na kupitishana ndoo za maji. Ukiwa na ampuli 500 na wimbo wa dakika 3, na taa zinabadilika mara 20 kwa sekunde, ni namba zaidi ya milioni 5 zenyi kupita mu nsinga. Hakuna mutu anaziandika kwa mukono. Kuko programu, kama xLights, zilizotengenezwa na wapenzi wenyewe, na wanazitoa bure. Lakini mutu anapaswa tu kukaa, kusikiliza wimbo mara nyingi, na kutia alama fasi ngoma inapiga.

Ordinatere si ndiyo inashinda watu. Kinachoshinda ni nsinga, na hapa musomaji wetu wa Kolwezi ao Likasi ataelewa mbio kuliko mutu wa Ohio. Kila mutu mwenyi kufunga pompi mwisho wa kable ndefu anajua: kurani inatoka na nguvu, inafika imechoka. Ku volti 220, kupoteza volti 1 hakuna mwenyi kuona. Lakini ampuli hizi nyingi zinatumika na volti 5 tu. Kamba ya ampuli 50, zote zikiwaka nyeupe kwa nguvu yote, inakula karibu ampere 3. Ukiileta na nsinga ya shaba ya milimeta 1 ya mraba, umbali wa meta 10, kwenda na kurudi ni meta 20, na volti 1 nzima inabakia mu njia. Zinafika volti 4. Njo maana mutu mupya anawasha kazi yake mara ya kwanza, mwanzo wa kamba ni nyeupe, na mwisho ni rangi ya machungwa: bluu na kijani zinaomba volti nyingi kuliko nyekundu, ndiyo zinakufa za kwanza. Shaba ile ile watu wetu wanatoa chini ya udongo, ikiwa nyembamba sana ao ndefu sana, inaharibu sikukuu ya mutu mbali kabisa.

Hapa sasa ndiyo wenzake wanamusaidia. Yeye anazania ampuli zimeharibika, anataka kununua zingine. Wenye kujua wanamwambia: hapana, leta nsinga ingine toka ku alimantasyo, uingize kurani katikati ya kamba, ao ku mwisho, na fyuzi juu yake. Taa zinarudia nyeupe. Shida ingine: nsinga ya amri ni ndefu, taa zinatetemeka hovyo. Wanamuonyesha kufunga ampuli moja katikati ya njia, yenyi haitawaka hata siku moja. Kazi yake ni kupokea amri na kuipeleka mbele ikiwa na nguvu mupya. Na kisanduku cha inje, hata kikifungwa namna gani, maji yataingia. Basi toboa katundu kadogo chini ili yatoke. Haya yote mutu alilipia na karti iliyoungua, kiisha akamupatia mwingine bila kuomba kitu. Wengine wanakutana siku nzima mu garaji ya mumoja wao, wanalehemu pamoja, na wanakomanda vitu pamoja ili bei ishuke.

Kwa majirani, shida ni ingine. Williams hakutia baflo inje. Alirusha muziki ku radio ndogo ya FM, na watu waliusikiliza mu motokari zao. Makelele yakaisha, lakini motokari zilibakia. Mu mwezi wa 12 wa 2005, kulitokea aksida karibu na pale, na polisi ikashindwa kufika vizuri juu ya mustari wa motokari zenyi kungojea kuona taa. Williams akazima yote. Hakuna wa kumulaumu: aliona mapema kwamba mutu angeweza kufia mu barabara juu ya taa za furaha.

Kwetu, mwenyi kutaka kujaribu hana lazima ya dola 10.000. Kamba moja ya ampuli 50 ni wati 15, batri ya sola ya nyumba inaibeba hata siku kurani imekatika. Lakini Noeli ya kwetu inaangukia mu mvua, si mu baridi kavu. Kama unachukua kurani ya 220 inje, tia disjonktere diferansiele mbele ya vyote, uinue viungo vya nsinga juu ya udongo, na watoto wasiviguse. Kama katika kartie kuko elektrisie wa kompani, umuombe apite kuangalia mbele ya kuwasha.